Usisubiri Shahada: Mwanafunzi wa Udaktari na Vyama vya Taaluma Yake



Najua kuna atakayeuliza mtu wa ualimu anatafuta nini kwenye mambo ya madaktari. Chuoni naishi chumba kimoja na wanafunzi wawili wa udaktari. Nyumbani kwetu Kalangalala, mjini Geita, kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, yuko mwaka wa tatu wa masomo hayohayo. Kwa muda wote huo nimekuwa nikisikia sentensi moja ikirudiwa bwenini na nyumbani: "Vyama ni vya madaktari, sisi bado." Nimekaa nao, nimewasindikiza kwenye mikutano yao, nimewauliza maswali mpaka wakachoka. Na kwa kuwa kazi ninayosomea ni kufundisha, nimeona nililete kwenu kama somo.

Somo lina malengo. Ukimaliza kusoma, uweze kutofautisha baraza, chama cha taaluma na chama cha wafanyakazi. Uweze kueleza mlango anaopitia mwanafunzi kuingia. Na uweze kupanga hatua zako mwenyewe za muhula mmoja bila kuhatarisha masomo. Wa uuguzi, famasi na maabara msiondoke, maana mengi yanawahusu. Na sisi wa ualimu tuna la kwetu mwishoni.

Tofautisha kwanza

Watu wengi chuoni wanachanganya vitu vitatu, na mkanganyiko huo ndio unaowafanya waogope au wategemee yasiyokuwepo.

Kuna baraza. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kwa sasa linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Hiki ni chombo cha sheria. Kinasajili, kinatoa leseni, kinasikiliza mashauri ya nidhamu. Hujiungi nalo kwa mapenzi. Bila usajili wake huwezi kutibu mtu, na hata mwaka wa utarajali unaofuata baada ya miaka mitano ya chuo unaufanya kwa usajili wa muda. Kazi kuu ya baraza ni kumlinda mgonjwa.

Kuna chama cha taaluma. Kwa madaktari ni Chama cha Madaktari Tanzania, kinachojulikana zaidi kama MAT, kilichoanzishwa mwaka 1965. Hiki watu wanajiunga kwa hiari. Kinaandaa makongamano ya kisayansi, kinachapisha jarida la Tanzania Medical Journal, kinasimamia maadili na heshima ya kazi, na kinazungumza na serikali na wananchi kwa sauti ya madaktari. Kando yake kuna vyama vya fani. Wapo madaktari wa watoto, wa upasuaji, wa magonjwa ya wanawake na uzazi, kila kundi na chama chake. Kipo pia MEWATA, Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, kilichoanza mwaka 1987. Wengi tuliwasikia mara ya kwanza kupitia kampeni zao za kupima saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Wauguzi wana TANNA, wafamasia wana chama chao pia.

Halafu kuna chama cha wafanyakazi. Hapa mnakutana na TUGHE na TALGWU. Kazi yao ni mishahara, posho, mikataba, na kumtetea mtumishi akigombana na mwajiri. Mwanafunzi hana mwajiri, kwa hiyo huku bado.

Mfano wa jirani unasaidia. Nchini Kenya madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Aliyeongoza mgomo ule alikuwa KMPDU, yaani chama cha wafanyakazi cha madaktari. Chama cha taaluma, KMA, ni kitu kingine na kina historia ndefu zaidi. Ukijua tofauti hiyo, hutamwambia mama yako kwamba umejiunga na chama cha kugoma, wakati umejiunga na chama cha kusoma na kuhudumia watu.

Ngazi, kutoka bwenini hadi duniani

Mlango wa mwanafunzi ni jumuiya ya wanafunzi wa udaktari ya chuo chake. Vyuo vingi vyenye udaktari vinayo: Muhimbili, Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, Dodoma, Kairuki na vinginevyo. Jumuiya hizo zinakutana kitaifa kwenye TAMSA, Jumuiya ya Wanafunzi wa Udaktari Tanzania. TAMSA nayo iko ndani ya IFMSA, shirikisho la kimataifa la jumuiya za wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1951. Wakenya wako humo kupitia MSAKE, Waganda kupitia FUMSA. Wanafunzi wa famasi wana TAPSA yao.

Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Shinyanga, akijiandikisha kwenye jumuiya ya chuo chake, tayari ameshika kamba ambayo ncha yake nyingine iko ng'ambo. Hilo si la kubeza.

Kazi za IFMSA zimegawanywa katika kamati za kudumu sita, na jumuiya zetu za hapa zinafuata mgawanyo huohuo: afya ya jamii, afya ya uzazi pamoja na VVU, elimu ya udaktari yenyewe, haki za binadamu na amani, kubadilishana wanafunzi kwa mafunzo ya hospitalini, na kubadilishana wanafunzi kwa ajili ya utafiti. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazowavuta wengi, kwa sababu unaweza kwenda wiki kadhaa kwenye hospitali ya nchi nyingine, na wa huko wakaja kwetu. Ila sikiliza: nafasi ni chache, na kwa kawaida zinakwenda kwa waliofanya kazi. Anayejitokeza siku fomu zinapotangazwa tu anashangaa jina lake halipo, halafu anasema kuna upendeleo.

Juu zaidi yupo Chama cha Madaktari Duniani, WMA, cha mwaka 1947. Kiapo ambacho madaktari wengi duniani wanakifahamu kama Azimio la Geneva kilipitishwa na chama hicho mwaka 1948, dunia ikiwa bado inasikia yale ambayo madaktari wa Kinazi waliwafanyia binadamu wenzao kambini. Hilo peke yake linaeleza kwa nini taaluma inahitaji chama. Elimu bila watu wa kukukemea inaweza kufika pabaya.

Kwa nini usisubiri

Hoja ya wanaosubiri naielewa. Udaktari ni mzigo. Mtu ana anatomia, ana fiziolojia, ana wodi, sapu iko mlangoni na diski iko nyuma ya mlango. Unamwambia aende mkutanoni Jumamosi, anakuona adui. Lakini kuna mambo manne ambayo darasa halikupi, nami nimeyaona kwa hao ninaoishi nao.

La kwanza ni kujua watu. Daktari aliyekutangulia miaka kumi anajua hospitali ipi ina mafunzo mazuri ya utarajali, fani ipi ina uhaba, na maombi ya ufadhili yanaandikwaje. Taarifa hizo hazibandikwi ubaoni. Zinazungumzwa kwenye foleni ya chai ya kongamano.

La pili ni kujua kuongea na kuandika. Mmoja wa wenzangu chumbani alikuwa hawezi kusimama mbele ya watu watano. Alipewa kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao, halafu ya kuzisoma. Leo anawasilisha mada mbele ya maprofesa. Mimi ninayesomea ualimu najua thamani ya jambo hilo, maana daktari anafundisha kila siku, darasa lake ni mgonjwa mmoja mmoja.

La tatu ni maadili. Kwenye wodi unaona mengi yasiyomo kwenye madesa: mgonjwa anapigiwa kelele, siri inavuja, mtu anaombwa kitu kidogo. Ukiwa peke yako unazoea. Ukiwa na chama unapata mahali pa kuuliza, hivi hii ni sawa?

La nne ni haki zako za kesho. Januari 2012 mgomo wa madaktari ulioitikisa nchi ulianzia kwa watarajali wa Muhimbili waliokuwa wakidai posho zao. Ulipofika mwezi Mei mwaka huo, waziri wa afya na naibu wake walikuwa wameondolewa kwenye nafasi zao, na mwezi Juni mgogoro ukaibuka upya. Siandiki kusifu mgomo, wala kulaumu. Wagonjwa waliumia, na madaktari waliumia. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba walioanza hawakuwa mabingwa wenye mvi. Walikuwa vijana waliotoka chuoni muda si mrefu. Kijana anayefika mahali pale akiwa hajui katiba ya chama, hajui tofauti ya MAT na chama cha wafanyakazi, hajui kuandika barua ya madai wala kukaa mezani na mkubwa, ataingia kwenye mgogoro mzito akiwa mikono mitupu. Mambo hayo yanafundishika, na mahali pa kujifunzia ni jumuiya ya chuo, mnapobishana kuhusu bajeti ya laki mbili.

Hatua sita za muhula mmoja

*Hatua ya 1: Soma katiba.* Iombe kwa katibu wa jumuiya ya chuo chako. Itafute pia ya TAMSA na ya MAT. Angalia aina za uanachama, ada, nani anapiga kura, fedha zinakaguliwa na nani. Chama ambacho viongozi wake hawataki uone katiba, kiulize maswali kabla hujatoa shilingi yako.

*Hatua ya 2: Lipa ada bumu likitoka.* Nasema hivi kwa uzoefu wa chumba chetu. Bumu likikaa siku tatu mfukoni, ada inageuka chipsi. Anayelipa ana nguvu ya kuuliza matumizi, asiyelipa analalamika tu koridoni.

*Hatua ya 3: Chagua kamati moja.* Moja tu. Kama moyo wako uko kwenye kinamama wajawazito, nenda afya ya uzazi. Kama mtaala unakukera, nenda elimu ya udaktari, maana huko ndiko wanafunzi wanakoandaa hoja za kupeleka kwa uongozi wa chuo. Anayejiandikisha kamati zote sita hana kamati hata moja.

*Hatua ya 4: Omba kazi ndogo isiyo na picha.* Kuandika kumbukumbu, kutunza orodha ya wanachama, kufuatilia kibali kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, kuhesabu glavu kabla na baada ya zoezi. Kazi hizi hazina makofi, lakini ndizo zinazokufanya ujulikane kuwa unaaminika. Mwaka unaofuata wakitafuta mweka hazina, jina lako litatajwa bila wewe kufanya kampeni.

*Hatua ya 5: Hudhuria kongamano moja la madaktari wenyewe.* MAT na vyama vya fani huwa na mikutano ya kisayansi. Uliza mapema kama kuna kiwango cha mwanafunzi, na kama wanahitaji wa kujitolea mapokezi. Ukifika, usikae nyuma na wenzako mlikotoka nao. Kaa karibu na mtu usiyemjua, msalimie, sema jina lako na mwaka wako. "Shikamoo daktari, mimi niko mwaka wa pili, ningependa kujua zaidi kuhusu mada uliyowasilisha." Sentensi hiyo haijawahi kumpatia mtu sapu. Mkubwa akikubali kukushika mkono, usimsumbue kwa salamu za kila asubuhi. Mpelekee swali lililokamilika mara moja kwa mwezi, na umrudishie jibu la ulichofanya na ushauri wake.

*Hatua ya 6: Andika kitu kimoja.* Kwa wenzetu wa Muhimbili kuna jarida la wanafunzi, Dar es Salaam Medical Students' Journal. Lipo pia hilo la MAT. Si lazima uanze na utafiti mkubwa. Anza na taarifa ya kurasa mbili ya zoezi mlilofanya: mlikwenda wapi, mlipima wangapi, nini kilishindikana. Taarifa za namna hiyo zikikusanywa miaka mitano, chama kinakuwa na ushahidi wa kuzungumza nao serikalini.

Na muda? Waliofaulu niliowauliza wanatumia saa tatu mpaka nne kwa wiki, na wiki za mitihani hawatumii kitu. Wameandika hivyo kwenye utaratibu wa kamati, kwamba kuanzia wiki mbili kabla ya mtihani hakuna vikao. Kama jumuiya yako haina kanuni hiyo, hiyo ndiyo iwe hoja yako ya kwanza kikaoni.

Mfano kutoka Geita

Tuache maelezo ya jumla. Mkoa wetu ulihesabiwa watu 2,977,608 kwenye sensa ya 2022. Mgodi mkubwa wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000, na pembeni yake kuna wachimbaji wadogo wasiohesabika Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa na kwingine. Maduara yanachimbwa, karasha zinasaga mawe, na kwenye mwalo watu wanashika zebaki kwa mikono mitupu, kisha wanaichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake unavutwa na anayechoma, na mama aliyekaa jirani na mtoto mgongoni. Zebaki inadhuru mishipa ya fahamu, na inamdhuru mtoto aliye tumboni. Vumbi la mawe nalo linaingia kwenye mapafu na kuacha makovu yasiyotibika, ugonjwa unaoitwa silikosisi. Mwenye makovu hayo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na kibaya zaidi, picha ya mapafu yake inaweza kufanana na ya kifua kikuu hata pale ambapo hana.

Nipo Kalangalala wakati naandika, kwenye mazoezi ya kufundisha. Jirani yetu mmoja, mzee aliyeshuka maduarani tangu ujana, anakohoa mpaka sisi wa nyumba ya pili tunaamka. Ameshamaliza dawa za kifua kikuu zaidi ya mara moja. Kaka yangu alipokuja likizo mzee alimwita, akamwambia, "Mjukuu wangu, nyie mnaosoma haya magonjwa yetu, mnakaa wapi pamoja mkayasema?" Kaka hakuwa na jibu la kumponya mzee. Silikosisi haina dawa ya kuiondoa. Lakini swali lile halikuhusu dawa. Liliuliza kuhusu chama.

Mwanafunzi mmoja akiliona tatizo hilo anaumia moyo na kurudi chuoni. Wanafunzi ishirini wa kamati ya afya ya jamii wakiliona, wakiwa na daktari wa kuwasimamia, wanaweza kufanya hivi. Wanaandika barua kwa uongozi wa halmashauri na kwa Mganga Mkuu, wanapata kibali. Wanapita kwa mtendaji wa kata na viongozi wa wachimbaji. Wanafundisha mambo machache yanayofanyika kweli: kulowesha mwamba kabla ya kuchoronga ili vumbi lipungue, kutochomea zebaki ndani ya nyumba, kutorudi na nguo za kazi mpaka kitandani kwa mtoto. Mwenye kikohozi cha muda mrefu wanampeleka kituo cha afya apimwe, na wanaandika kwenye karatasi ya rufaa kwamba ni mchimbaji, miaka mingapi. Neno hilo moja, mchimbaji, linaweza kumfanya daktari afikirie mapafu kwa namna nyingine. Kisha wanaandika taarifa na kuipeleka TAMSA, na kwenye kongamano la MAT. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaohusu zebaki, kwa hiyo hoja ina mahali pa kushikiza.

Na hapa ndipo sisi wa ualimu tunapoingia. Mnapokwenda kufundisha kichocho kwenye shule za kando ya Ziwa Victoria, tuchukueni. Nyinyi mnajua minyoo, sisi tunajua darasa la watoto tisini linavyotulizwa na somo linavyobaki kichwani baada ya kengele.

Tahadhari

Mwalimu mzuri anaonya kabla ya jaribio. Mwanafunzi si daktari. Kwenye kambi ya upimaji, hata wananchi wakikuita "dokta" na wewe ukajisikia vizuri, usiandike dawa, usitoe majibu peke yako, usifanye usichoruhusiwa na msimamizi. Chama kinachowaruhusu wanafunzi kutibu bila msimamizi kinawahatarisha wagonjwa na kinawapeleka nyinyi kubaya.

Pili, picha. Mgonjwa aliyevuliwa shati ili apimwe hajakubali kuwekwa kwenye hali yako ya WhatsApp. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kabla yake siri ya mgonjwa ilikuwa siri.

Tatu, fedha. Kila mchango uwe na risiti, kila safari iwe na hesabu, na watia saini benki wasiwe marafiki wawili wa chumba kimoja. Nimeshuhudia kikundi kimoja, si cha madaktari, kikifa kwa sababu ya laki moja na nusu isiyokuwa na maelezo. Haikuwa hela nyingi. Ilitosha kuua uaminifu.

Nne, vyeti. Kuna mwenzetu ana vyeti kumi na nne vya ushiriki na hawezi kueleza alishiriki nini. Mwajiri atakayekuhoji ni mtu mzima, atauliza swali moja la ziada tu na kila kitu kitakuwa wazi.

Tano, siasa. Uongozi wa jumuiya usiwe ngazi ya kutafutia ubunge. Mwenye ndoto hiyo aende jukwaa lake, na ni haki yake. Lakini chama cha taaluma kikipakwa rangi ya upande mmoja, siku kitakaposema ukweli kuhusu uhaba wa dawa hakuna atakayekisikiliza.

Na sisi walimu

Somo hili nimeliandika huku nikijiangalia. Kwetu pia vitu vinatofautiana. Tume ya Utumishi wa Walimu inashughulika na utumishi na nidhamu. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 ili kusajili walimu kama madaktari wanavyosajiliwa. CWT, cha tangu 1993, ni chama cha wafanyakazi. Ukiwauliza walimu wapya walikutana wapi na CWT, wengi watakuambia kwenye karatasi ya mshahara, walipoona makato ya asilimia 2. Yaani mtu anakutana na chama chake kwa njia ya makato! Mwanafunzi wa udaktari ana bahati ya kukutana na chake akiwa mwaka wa kwanza, kwa njia ya kazi. Bahati hiyo asiitupe. Na sisi tunaosomea ualimu tuwaige: tuanzishe vikundi vya masomo yetu, wa hisabati wakae na wa hisabati, wa Kiswahili na wa Kiswahili, tuwaalike walimu walioko kazini, tuandike. Kidole kimoja hakivunji chawa, iwe wodini au darasani.

Zoezi

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya baraza, chama cha taaluma na chama cha wafanyakazi. Taja mfano mmoja wa kila kimoja kwenye fani yako.

2. Mtafute katibu wa jumuiya ya fani yako kabla ya Ijumaa. Omba katiba. Soma kifungu cha uanachama na kifungu cha fedha.

3. Andika tatizo moja la afya la kata unayotoka, kwa sentensi tano. Taja nani wa kuombwa kibali, nani wa kusimamia, na taarifa itapelekwa wapi.

4. Pangilia saa tatu za wiki utakazotoa, na onyesha wiki ambazo hutatoa hata moja.

Swali la tatu ndilo lenye alama nyingi. Majibu yake mpelekeeni mwenyekiti wa kamati ya afya ya jamii kwenye kikao kijacho, mimi sitasahihisha.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya elimu, kwa sasa yuko Geita kwenye mazoezi ya kufundisha.*